Je, Kupiga Kura Kufanywe Lazima? Rai ya Fiqhi na Yaliyopita Tabora

Kila unapokaribia uchaguzi mkuu huzuka maswali mawili katika mabaraza yetu na baada ya darsa za jioni. La kwanza ni la wale wanaotaka kujua kama inajuzu kwa Mwislamu kupiga kura katika dola isiyohukumu kwa sharia. Hilo limeandikwa mno, na hapa hatutalirefusha. La pili ni la wale wanaosema kinyume chake: ikiwa kura ni jambo zito namna hii, kwa nini serikali isiifanye kuwa lazima, na asiyepiga akatozwa faini?

Swali la pili si la upuuzi. Mwaka 2010 waliojiandikisha nchini Tanzania walizidi milioni 20, lakini waliopiga kura ya rais walikuwa milioni 8.6 hivi, yaani chini ya asilimia 43. Mwaka 2015 idadi ilipanda hadi karibu asilimia 67, na mwaka 2020 ikashuka tena hadi nusu. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18, wala haimwadhibu anayebaki nyumbani. Je, iwe hivyo hivyo, au ubadilishwe utaratibu?

Tumeona tulijibu kwa kupitia Tabora. Mji ule umepata kushuhudia, zaidi ya mara moja, watu wakilazimishwa katika jambo la kumchagua kiongozi, na yaliyotokea hapo yanaisaidia fiqhi kusema kwa lugha inayoeleweka.

Lakini kwanza tuzitenganishe hukumu mbili ambazo watu huzichanganya. Wanazuoni hutofautisha kati ya wajibu wa diyana, ulio baina ya mja na Mola wake, na wajibu wa qadhaa, ambao kadhi ana mamlaka ya kuutekeleza. Kujibu salamu ni wajibu, wala hapana kadhi anayemwita mtu mahakamani kwa kunyamaza. Zaka nayo ni wajibu, lakini Sayyidna Abubakar (r.a.) aliwapiga vita walioizuia, kwa sababu ndani yake mna haki ya mafukara. Basi kusema tu kwamba kura ni wajibu hakujatosha. Ni lazima tuulize: inafanana na salamu, au inafanana na zaka?

Kura kama ushahidi

Wanazuoni wa zama zetu walioandika juu ya jambo hili wengi wao wamelipitisha katika mlango wa ushahidi. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, aliiona kura kuwa imekusanya mambo matatu: ni ushahidi kwamba mgombea anafaa, ni shufaa ya kumwombea cheo, na ni uwakala wa kumtuma aseme kwa niaba ya aliyemchagua na ya wengine. Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye aliueleza uchaguzi kuwa ni kutoa ushahidi, na akamhesabu anayejizuia bila udhuru, hata asiyefaa akashinda, kuwa ameificha shahada.

Dalili yao iko wazi. Katika aya ya 282 ya Suratul Baqara Mwenyezi Mungu anawakataza mashahidi wasikatae wanapoitwa, na katika aya inayofuata anasema kwamba mwenye kuuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini. Hizi ndizo aya ambazo makhatibu wetu huzisoma Ijumaa ya mwisho kabla ya uchaguzi, nao wanafanya vyema.

Hata hivyo aya ya 282 haiishii hapo. Kabla ya kumalizika inakataza pasitokee madhara kwa mwandishi wala kwa shahidi. Wafasiri wamekhitalifiana: je, shahidi ndiye anayekatazwa kudhuru, au ndiye anayekingwa asidhuriwe? Kauli zote mbili zimepokewa. Kwa kauli ya pili, aya ile ile inayomkataza shahidi kugoma inawakataza pia wanaomwita wasimkere, wasimwache kazi yake iharibike, wasimsumbue kwa sababu ya ushahidi wake. Sehemu hii hatuisikii mara nyingi mimbarini.

Mafakihi wa Kishafi, ambao ndio tegemeo la wengi katika pwani yetu na bara yake, waliingia kwa undani zaidi. Asili ya kutoa ushahidi kwao ni fardhi kifaya: wakitokea wa kutosha, waliobaki hawana dhambi. Inageuka kuwa fardhi ain pale ambapo hapana mashahidi wengine ambao haki itasimama kwao. Na hata hapo Imam Nawawi katika Minhaj ameweka masharti. Shahidi awe ameitwa kutoka masafa ambayo mtu akitoka alfajiri ataweza kurudi kwake siku ile ile. Awe mwadilifu ambaye ushahidi wake unakubalika. Na asiwe na udhuru kama wa maradhi.

Mwenye kuijua mikoa ya magharibi ataona mara moja uzito wa sharti hilo la masafa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au mrina asali wa Sikonge ambaye kituo chake kiko mbali, na siku ya kura ni siku aliyoko porini, si sawa na mkazi wa Ng'ambo, Tabora mjini, anayekiona kituo kutoka barazani kwake. Fiqhi imewatofautisha tangu karne ya saba Hijria. Sheria ya kumtoza faini kila asiyefika haitofautishi, au itabidi itunge orodha ndefu ya nyudhuru na kuwaweka makarani wa kuzipima, na sote tunajua udhuru wa nani utakubaliwa haraka.

Baia ya kulazimishwa

Wenye kutaka kura iwe lazima wakati mwingine huikimbilia baia. Wanasema: Mtume (s.a.w.) amemlaumu anayekufa bila ya kuwa na baia shingoni mwake, basi kura ni baia ya leo. Kulinganisha huku kuna upungufu, kwa kuwa baia ni ahadi ya kumtii aliyekwisha kupatikana, na kura ni kauli kabla hajapatikana. Lakini tuwakubalie kwa ajili ya mjadala, kisha tuitazame baia yenyewe ilivyokuwa.

Sayyidna Umar (r.a.) alipojeruhiwa aliwaachia watu sita jambo la ukhalifa. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alijitoa katika kugombea, akawa anazunguka Madina siku tatu akiwauliza watu, wakubwa kwa wadogo, na wanawake katika majumba yao, mpaka ikabainika kwamba wengi wanamtaka Uthman (r.a.). Aliyekwenda mlangoni kwa mtu ni mwenye kutafuta rai. Hatujasoma kwamba aliyenyamaza alitozwa chochote.

Mwaka 35 Hijria, Uthman alipouawa na Ali (r.a.) akabaiwa, wanahistoria wanapokea kwamba Saad bin Abi Waqqas, Abdullah bin Umar, Muhammad bin Maslama na Usama bin Zaid (r.a.) walijizuia. Wapo wanaosema walichojizuia ni vita na si baia. Kwa riwaya zote mbili, Ali aliwaacha. Na katika riwaya alizozikusanya Tabari, Talha na Zubeir (r.a.) walikuja kusema kwamba wao walibai hali ya kuwa wamelazimishwa. Sisi hatuhukumu baina ya masahaba. Tunachokiona ni kwamba neno hilo moja, kulazimishwa, lilitosha kuwa hoja ya kuitilia shaka baia ya mbora wa watu wa zama zake, na mwaka uliofuata damu ikamwagika Basra.

Kisa cha Imam Malik ni wazi zaidi. Mwaka 145 Hijria (762) Muhammad, mjukuu wa mjukuu wa Ali na anayejulikana kama Nafsuz-Zakiyya, alisimama Madina dhidi ya Khalifa al-Mansur wa Bani Abbas. Watu wakamuuliza Malik: tutasimamaje naye na hali shingoni mwetu mna baia ya Mansur? Akawajibu kwamba walibai kwa kulazimishwa, na mwenye kulazimishwa hafungwi na yamini yake. Baadaye alikuwa akisomesha kwamba talaka ya mwenye kulazimishwa haipiti. Watawala hawakuwa wajinga. Walielewa kwamba mas-ala haya ya talaka yana mguu mmoja katika siasa, kwani kama talaka ya kulazimishwa haipiti, na baia je? Gavana Jaafar bin Suleiman akamchapa mijeledi Imamu wa Madina mpaka mkono wake ukateguka.

Abu Hanifa, kwa upande wake, aliona talaka ya mwenye kulazimishwa inapita. Lakini hata katika madhehebu yake ikirari ya mwenye kulazimishwa, yaani kukiri haki ya mtu kwa vitisho, haina nguvu, kwa sababu ikirari ni habari, na habari iliyokamuliwa kwa fimbo haionyeshi ukweli. Tukishakubali kwamba kura ni habari, ni kusema fulani anafaa, basi madhehebu zote mbili zinakaribia kukutana.

Yaliyofanyika Unyanyembe

Sasa tufike Tabora. Kabla ya reli kuufikia mji huu mwaka 1912, barabara ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo ikaingia Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: mmoja kwenda Ujiji na Kongo, mwingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Waarabu na Waswahili waliokaa Kazeh na Kwihara walikuwa wageni wa mtemi wa Wanyanyembe. Mtemi alipofariki, wakubwa wa nchi ndio waliomtafuta mrithi katika ukoo.

Mtemi Fundikira wa kwanza alifariki mwaka 1858, akarithiwa na Mnywa Sere. Huyu aliwatoza kodi wafanyabiashara juu ya bidhaa zao. Njiani kodi ya namna hiyo ikiitwa hongo, neno ambalo siku zile halikuwa na aibu iliyonayo leo. Wafanyabiashara wakaona ni ghali. Kiasi cha mwaka 1860 wakamng'oa kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa mahali pake, na wenyeji wakatakiwa wamkubali.

Hao waliofanya hivyo walikuwa Waislamu, na historia za njia ya misafara zilizoandikwa na Waislamu hupenda kuipita sehemu hii kwa kunyata. Hatuoni faida ya kunyata. Mnywa Sere aliingia porini na watu wake, akawa anaivamia barabara. Speke, Mwingereza aliyekuwa akielekea Nyanza, alikutana naye mwaka 1861 na akajaribu suluhu bila ya mafanikio. Snay bin Amir, tajiri aliyewakirimu Burton na Speke Kazeh mwaka 1857, alifia katika mapigano ya vita hivyo. Misafara ilikwama, wapagazi wakawa adimu, na ile faida iliyosababisha mtemi ang'olewe ikaliwa na gharama za kumlinda mtemi aliyewekwa. Mnywa Sere alikamatwa na kuuawa mwaka 1865. Kwa miaka mitano nchi ilikuwa na mtemi ambaye watu walikuwa wamelazimishwa kumkubali, na biashara haikutulia.

Kura tatu

Karibu miaka mia moja baadaye, Januari 1958, wajumbe wa TANU kutoka majimbo yote ya Tanganyika waliwasili Tabora kwa mkutano mkuu wa mwaka. Wengi walikuja kwa reli ile iliyoifuata njia ya misafara. Mbele yao palikuwa na swali moja lililokuwa likikipasua chama.

Serikali ya Gavana Twining ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Majimbo ya uchaguzi yalikuwa kumi, na kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wakati huo Waafrika walizidi milioni 8, Wazungu walikuwa kama 20,000, na Waasia pamoja na Waarabu hawakuzidi sana laki moja. Haki ya kupiga kura nayo haikuwa ya wote. Ilimtaka mtu awe na kiwango fulani cha elimu, au cha kipato, au cheo kinachotambuliwa, hata waliojiandikisha nchi nzima hawakufika laki moja.

Kisha likawekwa sharti ambalo ndilo lililotufanya tuuchague mji huu. Mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu, moja kwa kila rangi. Akimchagua Mwafrika peke yake na kuwaacha wale wawili, kura yake yote inabatilika.

Tulitazame sharti hilo kwa macho ya fiqhi. Hakuna aliyelazimishwa kwenda kituoni. Lakini aliyekwenda alilazimishwa ashuhudie kwamba Mzungu fulani anafaa na Mwasia fulani anafaa, hata kama hawajui, hata kama anajua hawafai, na asiposhuhudia hayo basi hata ushahidi alio na yakini nao hausikilizwi. Ni sawa na kadhi amwambie shahidi: sitaipokea shahada yako juu ya deni la Juma mpaka ushuhudie pia juu ya shamba la Ali na ng'ombe wa Salum. Katika vitabu vyetu shahidi hushuhudia analolijua, na asilolijua hulinyamazia.

Kwa hiyo waliopinga pale Tabora hawakuwa wakaidi tu. Zuberi Mtemvu na wenziwe waliona kwamba kuingia katika uchaguzi huo ni kuutia mhuri mpango wa kuwagawa watu kwa rangi na kuwafanya elfu ishirini walingane na milioni nane. Mwenye fiqhi anaweza kuwatafutia asili katika aya ya pili ya Suratul Maida, inayokataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Tukiwa wakweli, kwa mizani ya kanuni peke yake hoja yao ilikuwa na nguvu kuliko ya wapinzani wao.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Tabora ilikuwa mji wake wa pili, kwani alisoma shule ya serikali hapo na baadaye akafundisha St. Mary's, alisimama upande wa pili. Akasema TANU ikisusa, viti vyote vitachukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana mwenyewe, na serikali itaiambia dunia kwamba hao ndio wawakilishi wa Watanganyika. Baada ya mabishano ya siku kadhaa wajumbe wakaamua kushiriki. Uamuzi huo ndio ulioitwa Uamuzi wa Busara wa Tabora.

Wengi waliokuwa katika harakati zile walikuwa Waislamu, na hoja iliyoshinda ina asili katika elimu yao, hata kama siku ile haikutajwa kwa jina. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe asimamie hazina za nchi chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake. Sheikh Izzuddin bin Abdussalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), aliandika kwamba makafiri wakilitawala eneo kubwa kisha wakamteua mtu wa kusimamia maslahi ya Waislamu, uteuzi huo upitishwe, ili maslahi ya watu yasipotee. Kati ya madhara mawili hubebwa lililo dogo.

TANU haikulivunja sharti la kura tatu, ililigeuza. Kwa kuwa kila mpiga kura lazima ampigie Mzungu na Mwasia, chama kikatafuta Wazungu na Waasia walioukubali msimamo wake na kuwaambia wanachama wawapigie hao. Katika awamu ya Septemba 1958 na ile ya Februari 1959 wagombea waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU walishinda kila mahali. United Tanganyika Party ikafa. Nyerere alimshinda Patrick Kunambi katika Jimbo la Mashariki. Mwaka 1959, serikali ilipowapa uwaziri baadhi ya waliochaguliwa, miongoni mwao walikuwamo Derek Bryceson, Amir Jamal, na Mtemi Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, wa nasaba ile ile iliyoondolewa na kuwekwa kwa bunduki mwaka 1860.

Ushindi huo ulikuwa na gharama, na haki ni kuitaja. Mtemvu alitoka na kuunda African National Congress. Sheikh Suleiman Takadir, Mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, aliona kwamba masharti ya elimu yaliwaacha nje Waislamu wengi waliokibeba chama tangu mwanzo, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni, na akahofia watakaoingia Barazani watakuwa wa upande mmoja. Aliposema hivyo alifukuzwa chamani mwaka huo huo wa 1958 na akatengwa na jamaa zake wa jana. Mtu anaweza kuukubali Uamuzi wa Busara, kama sisi tunavyoukubali, na bado akaona kwamba mzee yule alikuwa akitoa ushahidi, na aya ya 282 ilikuwa imemkinga.

Turejee kwenye sheria inayopendekezwa

Watetezi wa kura ya lazima wana hoja moja ya fiqhi ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema si kila kulazimisha ni haramu. Mafakihi wanajua kulazimisha kwa haki: mdaiwa mwenye uwezo akikataa kulipa, kadhi humlazimisha auze mali yake, na mauzo yanasihi. Kwa nini kura isiwe hivyo, ikiwa ni haki ya jamii juu ya mtu?

Tunajibu kwamba kinacholazimishwa kwa mdaiwa ni mali, na mali ni ile ile ikitolewa kwa ridhaa au kwa karaha. Shilingi haigeuki kuwa bandia kwa sababu mwenyewe alinuna. Ushahidi sivyo. Thamani yake yote imo katika ukweli wa anayeutoa. Ndiyo maana unaweza kumlazimisha mtu afike mbele ya kadhi, lakini huwezi kumlazimisha ajue.

Na tukitazama kwa makini, nchi zinazolazimisha zimelazimika kuishia hapo hapo. Australia, yenye sheria hiyo tangu mwaka 1924, humtoza asiyefika bila udhuru faini ya dola 20. Lakini kwa kuwa kura ni ya siri, hakuna wa kumzuia aliyefika asiitumbukize karatasi tupu. Kinachotekelezwa ni kuhudhuria. Ubelgiji ina sheria kama hiyo tangu mwaka 1893. Misri imeiweka kwenye vitabu tangu mwaka 1956, na mamilioni hawapigi kura wala hawatozwi. Sheria inayowafanya mamilioni kuwa wakosaji kisha ikawasahau humpa mtawala fimbo ya kumchapia amtakaye siku aitakayo.

Faini yenyewe ina mjadala. Kutia adabu kwa kuchukua mali, yaani taaziri ya mali, jamhuri ya mafakihi hawakuijuzisha, na ndiyo kauli mpya ya Imam Shafi. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, anapokewa kuwa aliiruhusu. Dola za leo zote zinatoza faini, na hatusemi mwenye kuvunja sheria za barabarani asilipe. Ila kumtoza muuza mihogo wa soko la Tabora kwa sababu siku ya kura alikuwa na mgonjwa hospitali ya Kitete, na hakujua fomu ya udhuru inajazwa wapi, ni jambo linalohitaji dalili yenye nguvu kuliko tunayoiona.

Yabaki ya wale wanaosusa kwa makusudi. Hawa si wavivu. Zanzibar, baada ya matokeo ya Oktoba 2015 kufutwa, CUF iliususia uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016, na Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 91. Bara, katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura baada ya kushikilia kwamba mabadiliko yatangulie uchaguzi na kukataa kusaini kanuni za maadili. Tume ikatangaza mahudhurio ya asilimia 87, na siku hiyo na zilizofuata watu wakapoteza maisha mitaani. Waislamu walikuwa katika pande zote za mabishano hayo.

Je, msusaji anaificha shahada? Rai yetu ni kwamba inategemea. Aliyekaa nyumbani kwa uzembe, na anajua kwamba katika kata yake wagombea ni wawili, mmoja amekula fedha ya kisima na mwingine ni mwaminifu, na kura zinakaribiana, huyo tunamwogopea dhambi ya aya ya 283, kwa kuwa kwake ushahidi umeshakuwa fardhi ain. Aliyejizuia kwa kuwa amepima na wenye elimu na kuona kwamba kushiriki kunathibitisha dhulma, huyo ametoa rai yake kwa kunyamaza, kama walivyonyamaza wale waliojizuia kumbai Ali. Anaweza kuwa amekosea katika kupima. Tabora mwaka 1958 waliopima hivyo walikosea, kwa tunavyoona sisi tunaoyajua matokeo, wao hawakuyajua. Sheria ya kura ya lazima ingewaweka watu hawa wawili katika faini moja, na kwa fiqhi hawako katika hukumu moja.

Ama mfumo wa kura tatu haukudumu. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 viti 50 kati ya 71 viliachwa wazi kwa mtu wa rangi yoyote, na TANU ikapata 70. Viti 58 havikuwa na mpinzani, hivyo katika sehemu kubwa ya nchi, miaka miwili na nusu tangu wajumbe wabishane Tabora kama wapige kura au wasipige, siku ya uchaguzi haikufunguliwa hata sanduku moja.